Kiti cha Chuma Chenye Matundu

Mjukuu wangu Rama anajenga kule Chamazi, kwenye kipande cha shamba tulichoachiwa na wazee. Juzijuzi mafundi wakichimba msingi wakagonga chuma, wakadhani bomba. Walipofukua kikatoka kiti, kimebonyea kama sinia la pilau, kina matundu, kutu imekila pembeni mpaka kimekuwa chepesi kama kaki. Rama akakitupia kwenye buti ya gari akaja nacho hapa Tabata. Msidhani alikuwa ananiletea mie. Mnunuzi wa vyuma chakavu anakaa mtaa wa nyuma, basi akaona apite hapa nyumbani tunapokaa wote anisalimie kwanza, kisha akakipime.

Macho yangu siku hizi ni ya kubahatisha, kwa hiyo nilikinusa. Kutu, udongo wa mvua, na chini kabisa, kwa mbali sana, mafuta ya taa. Nikapitisha kidole kwenye matundu. Duara, duara, halafu moja refu kama kokwa ya tende, halafu duara tena. Nikarudia tena toka mwanzo.

"Rama," nikamwambia, "usikiuze. Hiki kiti nakijua."

"Bibi, unakijua vipi na kimetoka ardhini sasa hivi?"

"Nakijua kabla hata mama yako hajazaliwa. Kiweke hapo barazani, kaniitie mkeo aniletee kahawa."

Nyie wa rika langu mtanielewa. Wakati ule Temeke haikuwa mji. Kulikuwa na vichaka, njia za mchanga, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na baina ya nyumba na nyumba ungeweza kupotelewa na mbuzi. Mwingereza alikuwa huko mjini kwake, sie tulimwona kwa nadra, na aliyetuhusu zaidi alikuwa Bwana Afya, ambaye nitamfikia. Nyumbani tulikuwa mie, mama yangu na Baba Mdogo Kibwana. Mama alipika vitumbua asubuhi, kina mama wa jirani wakaja na sahani zao. Ndivyo tulivyoishi. Shule nilionja madarasa machache tu, kisha nikatolewa nikasaidie jikoni, kwa hiyo mkiona maneno yangu yanakwenda upogo mnisamehe, kalamu tumezoeana ukubwani.

Baba yangu simkumbuki. Alikuwa dereva wa trekta kule kusini, kwenye yale mashamba makubwa ya karanga ya serikali, yale yaliyopigiwa makelele mengi kisha karanga zenyewe hazikuonekana. Mama alimfuata huko kambini, na mie nimezaliwa huko, usiku, ndiyo maana naitwa Chausiku. Homa ya kichwa ikamchukua baba nikiwa bado natambaa. Wakamzika hukohuko porini, mama akarudishwa Temeke kwa meli, mie mgongoni, na akaja kukaa eda kwenye nyumba ya wakwe zake.

Baba Mdogo Kibwana, mdogo wake baba wa tumbo moja, hakuyashuhudia hayo. Alikuwa amekwenda vitani Bama, kule kupigana na Wajapani, akajifunza ufundi wa magari jeshini, na vita vilipokwisha akabakia Mombasa kwenye gereji. Habari za msiba zilichelewa miaka; zilipomfikia, mie nilikuwa nimeshaanza kushika ufagio, na kaka yake alikuwa amekwishaoza. Akaja na sanduku la bati, kamba imefungwa juu, akalisukuma chini ya kitanda chake. Nakumbuka sana ile kamba, kwa sababu haikufunguliwa. Nguo zake mbili alizifua akazivaa, akazifua akazivaa, na sanduku likakaa vilevile kama la mtu anayesubiri gari stendi. Nikawa kila nikifagia nachungulia chini ya kitanda kuona kama kamba ingali na fundo.

Sasa, mila zetu Wazaramo mnazijua. Mtu akifa akaacha mjane kijana, wazee hukaa kumwangalia mdogo wa marehemu. Wakakaa. Mkeka ulitandikwa uani, Mzee Mwinshehe, mkubwa wa ukoo, akiwa katikati na kikohozi chake. Mie nilikuwa napeleka maji ya kunawa, na mtoto anayepeleka maji ya kunawa anasikia kila kitu.

"Kibwana," Mzee Mwinshehe akasema, "huyu mwanamke ametulia, na mtoto ni damu yetu. Wewe unasemaje?"

Baba Mdogo alikuwa mtu wa maneno machache. Akaangalia mikono yake kwanza, ilikuwa na grisi kwenye kucha ambayo haikuwahi kutoka hata siku ya Idi. Akasema, "Wazee wangu, mie kaka nilimwacha mzima, nimerudi nimekuta jina. Kaburi lake sijalishika hata udongo. Nasikia yale matrekta ya karanga yameuzwa, yametawanyika kwenye mashamba ya watu mpaka huku kwetu. Niacheni kwanza nilitafute alilokuwa akilikalia. Nikilipata, nitawapa jibu."

"Na usipolipata?"

"Nitalipata. Shemeji alikuwa huko, analijua. Akiniambia ndilo, ndilo."

Wazee wakaguna. Mmoja akasema huyu vita vimemgonga kichwani. Mama alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nikaiona ncha ya kanga yake.

Mie mtoto nililichukua vile nilivyoweza. Sanduku halijafunguliwa, na mtu anasema akipata trekta atatoa jibu. Nikajua jibu lenyewe: atapanda trekta la baba, ataliwasha, na sanduku lake la bati mbele yake, aende zake Mombasa. Nikawa naomba kwa Mungu lisipatikane. Kwa sababu, niseme kweli, nilikuwa nimeshampenda. Alinitengenezea kigari cha makopo. Alinibeba begani kwenda kisimani. Na alikuwa akinusa vitumbua kabla ya kula, anafumba macho, kama mtu aliyekaa mahali pasipo na vitumbua muda mrefu.

Basi akaanza. Siku hizi nasikia huko Ulaya kuna watu wenye fedha zao wanakusanya magari ya zamani. Baba Mdogo hakuwa na fedha, alikuwa na spana. Lori la mchanga la jirani likiharibika, analitengeneza, na malipo yake anaomba lori limvutie trekta bovu kutoka shamba fulani. Wenye mashamba walikuwa wanafurahi kuondolewa takataka. La kwanza lilitoka kwenye minazi huko upande wa Kigamboni, jekundu lililopauka, na kuku alikuwa ametaga ndani ya boneti, tukala mayai. La pili lilitoka kwenye shamba la misufi. Hilo lilikuwa na miguu ya chuma mitupu, hakuna tairi, magurudumu yana meno kama ya mamba.

"Baba Mdogo, hili la karanga?" nikamuuliza.

"Hili? Hili lina umri mkubwa kuliko mie. Silo kabisa."

"Sasa umelileta la nini?"

Akalizunguka polepole, akalipigapiga shingoni kama ng'ombe. "Ningeliachaje, Chausiku? Halipo lingine pwani nzima hii. Wangelikatakata wakatengeneza majembe."

Hapo ndipo nilipojua kwamba ugonjwa umemwingia. Alikuwa anatafuta la kaka yake, ndiyo, lakini katika kutafuta akayapenda yote. Na akanifundisha. Jioni baada ya kazi tulikuwa tunakwenda uani mie na yeye. Alikuwa na senti ya tundu kwenye uzi, anakwangua nayo rangi pembeni, mahali pasipoonekana. "Rangi ya juu ni ya mwenye shamba," anasema, "kila anayelinunua anapaka yake. Endelea kukwangua. Ile ya chini kabisa, ndiyo ya kuzaliwa." Ungekuta kijani, chini yake kijivu, chini ya kijivu rangi ya chungwa. Kisha pua: hili limechongoka, hili lina pua ya bapa kama Mzee Mwinshehe. Kisha kunusa. Lile linalowashwa kwa petroli kidogo halafu likageuzwa kunywa mafuta ya taa lina harufu yake, haliachi hata likilala mvuani miaka.

Na viti. Viti nilivipenda kuliko vyote. Kila kiwanda kilikuwa na mpango wake wa matundu. Alinifunga kitambaa machoni, akanishika mkono, akauweka kwenye kiti. "Lipi hili?" Nikipapasa nyota, la misufi. Nikipapasa mistari, la minazi. Nilikuwa sikosei. Watoto wenzangu walicheza kibe, mie nilicheza matrekta.

Lakini kila trekta lilipofika, kulikuwa na jambo la kufanywa kwanza. Baba Mdogo alinawa mikono, akaja mlangoni kwa jiko, asiingie, akasimama kwa adabu.

"Shemeji, hodi. Nimeleta jingine. Utoke ulione?"

Na mama, kijiko mkononi, anageuza kitumbua kimoja, anageuza cha pili. "Silo," anasema.

"Hujaliona bado."

"Silo, shemeji."

Sikushangaa hata kidogo. Nilijua mama ana pua kali, alikuwa akijua maziwa yamechacha akiwa chumba cha pili. Nikaona kumbe na matrekta anayajua kwa kunusa toka jikoni, na nikajivuna, nikawaambia wenzangu mama yangu anamshinda Baba Mdogo. Naye Baba Mdogo hakubisha. Aliinamisha kichwa, akasema, "Haya, tutaendelea," na siku ile chakula kilikuwa kitamu zaidi, au mie ndiye niliyekuwa na furaha kwamba sanduku linabaki.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Kalunde, Mnyamwezi, mumewe alikuwa kuli bandarini. Sie na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na Mama Kalunde alikuwa mtani wa kweli. Mdomo wake haukuwa na kifuniko. Akimkuta Baba Mdogo amelala chini ya injini anapiga kelele juu ya ua, "Nyie Wazaramo! Mwanamume mzima analala na vyuma, na wanawake wamejaa Temeke!" Baba Mdogo anajibu toka huko chini, "Nenda kabebe mizigo, mtani, meli imeingia." Basi wanacheka. Mama peke yake alikuwa hacheki utani huo. Alikuwa anaona haya, nikadhani anaonea haya vyuma.

Trekta la nne lilikuja masika yalipoanza. Lilitoka Chamazi, limepakwa kijani, madigadi moja imekunjika, halina pua ya maana, halina uzuri. Baba Mdogo alikwangua kwa senti yake akafika kwenye rangi ya chungwa, akaacha kukwangua. Nikapapasa kiti: duara, duara, moja refu, duara. Mpango mpya, nikauweka kichwani.

Safari hii mama alitoka. Sijui kwa nini alitoka. Alikuja mpaka mlango wa uani, unga mikononi, mvua inanyunya, akasimama. Akaliangalia hivi, muda wa kumeza mate.

"Shemeji?" Baba Mdogo akauliza, na sauti yake haikuwa ya kila siku.

"Silo," mama akasema, akageuka ndani.

Nikashukuru. Baba Mdogo alikaa juu ya kile kiti mvuani mpaka shati likamganda.

Sasa nije kwa Bwana Afya. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka ina makali, na kikombe chenye mpini mrefu. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akichota maji yaliyotuama, kwenye mitungi, vifuu, makopo, anayaangalia kwenye mwanga. Akiona viluwiluwi vya mbu, basi. Na hakuwa mkali, hiyo ndiyo ilikuwa shida, mkali unaweza kugombana naye. Yeye alikuwa anamwita mwenye nyumba, anamwonyesha kikombe kwa huruma, "Mama, huyu hapa ni mbu wa kesho. Atamng'ata nani kama si mwanao?"

Matrekta mvuani yalikuwa visima hasa. Maji yalikaa kwenye madigadi, kwenye mapindo ya boneti, ndani ya magurudumu ya meno. Bwana Afya akatuonya, akarudi akatuonya tena. Na mama alianza kutoka alfajiri. Nikiwa bado mkekani nilikuwa namwona kwa upenyo wa mlango, kanga kichwani, kitambaa mkononi, anavuka ua kwenye tope. Anakwenda kwenye lile la Chamazi. Anakipangusa kiti, polepole, kwa duara, kama unavyompangusa mtoto aliyekula uji. Anapitisha mkono chini ya madigadi, anauacha huko kidogo. Kisha anarudi, anawasha moto wa vitumbua.

Nikasema moyoni, mama anaogopa mbu wa Bwana Afya. Nilimhurumia kwa kuwa alikuwa anapangusa moja tu, nikadhani amechoka, mengine anamwachia Mungu. Siku moja nikamfuata na kitambaa changu nikaanza kupangusa la minazi. Akanitazama, akataka kusema kitu, akanipangusa pua badala yake.

Mwisho Bwana Afya alikuja na neno la mwisho. Vyuma vyote viondoke kabla ya Idi, ama wakubwa wake watakuja kuviondoa wenyewe, na nyumba yetu itapata faini. Baba Mdogo hakubishana. Mpaka leo nauona uso wake. Alikwenda mjini, mtaa wa Gerezani, kwa mnunuzi wa vyuma, akarudi, akakaa kwenye kizingiti, akaniambia, "Chausiku, nimetafuta, sikulipata. Pengine liliyeyushwa zamani." Kisha akaingia chumbani kwake. Nikamchungulia. Alikuwa ameinama, amelivuta sanduku la bati toka chini ya kitanda, anafuta vumbi kwenye kifuniko.

Jamani, mie nilijua sasa nimekwisha. Kumbe hata lisipopatikana anaondoka! Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nikakimbilia jikoni. "Mama, Baba Mdogo anakwenda Mombasa." Mama aliendelea kukoroga unga, na ule unga ulikuwa umeshakorogwa.

Lori la Gerezani likaja asubuhi, na makuli nyuma yake na nyapara wao, mtu mnene mwenye tarbushi. Wakapakia la minazi. Wakalipakia lile la miguu ya chuma, mbao mbili zikavunjika, na Baba Mdogo mwenyewe akawasaidia kusukuma, mkono wake ukabaki shingoni kwa trekta mpaka lilipokaa sawa. Wakapakia dogo la kijivu, la tatu, ambalo sijalisema kwa kuwa halikuwa na tabia yoyote. Wakaligeukia la Chamazi.

Hapo Mama Kalunde akatokea. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu wa mazikoni. Kabla hatujajua lolote amepanda juu ya boneti, amelala chali, anapiga yowe: "Yuuuwi! Maiti hatoki hapa! Watani hatujapewa chetu!"

Nyie mnajua mtani kwenye msiba. Anaruhusiwa. Anaweza kulilalia jeneza, kumwigiza marehemu anavyokohoa, kuzuia maziko mpaka apewe kuku wake, na mfiwa hana haki ya kukasirika. Maneno ambayo ndugu hawezi kuyatamka, mtani anayatamka kwa kicheko na hakuna wa kumshitaki. Sasa wale makuli nusu yao walikuwa Wanyamwezi. Walipomwona wakaachia kamba, wakaanza kucheka na kupiga makofi.

"Mama, shuka," nyapara akasema. "Tajiri anasubiri."

"Tajiri na afe naye, tumzike siku moja, tule mara mbili!"

"Mama, hii chuma tu."

"Chuma? Muulize mwenye maiti kama ni chuma!" Akainuka akakaa, akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye mlango wa jiko. "Mwenye maiti yule pale, amejificha na kijiko! Mtani, toka! Kila alfajiri nikienda chooni nakuona, unampangusa marehemu kiti. Mengine yote yanaoza, huyu tu ndiye anapanguswa makalio! Wazaramo mna mambo, mume anafufuka chuma na hamsemi!"

Ua mzima ulicheka. Makuli walicheka, mie nilicheka kwa kuwa kasema makalio. Baba Mdogo naye alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Akageuka kutazama jiko. Watu wakageuka naye mmojammoja.

Mama akatoka. Hakuwa na kijiko. Alivuka ua mchana kweupe mbele ya wanaume wa watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama kando ya trekta, akaweka kiganja kwenye madigadi iliyokunjika.

"Hili linabaki," akasema.

Baba Mdogo akasogea. "Shemeji. Ndilo?"

Mama akamshika mkono, Mungu wangu, mbele za watu, akauingiza chini ya madigadi. "Papasa. Ndoana mbili. Alizikunja mwenyewe kwa misumari ya reli. Mie nilikuwa nampelekea chakula mchana, jua kali, kivuli hakuna, wamekata miti yote. Akizima injini tunafunga kanga hapo, tunamlaza Chausiku kivulini, anabembea. Kwingine alikuwa halali."

Baba Mdogo akapapasa, kichwa kimeinama. Akauliza, taratibu, "Umelijua tangu lini?"

"Tangu siku ulipolileta."

"Na ukaniambia silo."

"Uliwaambia wazee ukilipata utawapa jibu." Mama alikuwa anaitazama ile ndoana, hamtazami yeye. "Jibu lenyewe nilikuwa silijui. Nikaona bora uendelee kutafuta."

Mama Kalunde akashuka kwenye boneti bila kuambiwa. Nyapara akavua tarbushi, akakuna kichwa, akawaambia watu wake, "Fungeni nyuma. Twende." Lori likaondoka na la miguu ya chuma juu, meno yake yakionekana hewani mpaka kona ya njia. Baba Mdogo hakuligeukia. Mie ndiye niliyelisindikiza kwa macho. Pwani nzima halikuwapo lingine, na nadhani halijawahi kuwapo tena.

Jioni ile nilikwenda kuchungulia chini ya kitanda. Sanduku lilikuwa limerudishwa mahali pake, na kamba ilikuwa imefunguliwa. Ilikuwa nje, uani, inasaidia kufunga nguzo za kibanda cha makuti ambacho Baba Mdogo alikuwa anakijenga juu ya trekta, mvua isilipate. Bwana Afya alipokuja na kikombe chake hakupata cha kuchota. Akaangalia, akasema, "Mmelijengea kabla hamjajijengea jiko la maana," akaenda zake. Mama Kalunde alipewa kuku wake, jogoo mkubwa. Na wazee walipewa jibu lao kabla ya mfungo uliofuata, ingawa kwa kweli Temeke nzima ilikuwa inalijua.

Lile trekta halikulima tena. Mkisikia mtu anasema lililima ni uongo, injini ilikuwa imekufa. Tulipohamia Chamazi tulikwenda nalo, likiburutwa na lori la mchanga, watu wanatushangaa. Wadogo zangu wote watatu wamelala kwenye zile ndoana. Ijumaa baada ya sala Baba alikuwa anakwenda kukikalia kiti, ananyamaza kidogo, anarudi. Ndiyo, nilimwita Baba, lile la "Mdogo" lilidondoka lenyewe. Yeye na mama wamelala hukohuko Chamazi, kando kwa kando, na trekta kutu iliendelea kulila, watu wakachukua hiki na kile, mpaka nikadhani hakuna kilichobaki.

Sasa juzi, kahawa imekuja, kiti kiko barazani, mke wa Rama akakitazama kwa wasiwasi. Ni binti mzuri, anafanya kazi zahanati.

"Bibi, mvua zinaanza. Hiki kikikaa nje kitatuletea mbu."

Nilitaka kumjibu, nikasita. Nikamwambia Rama achote maji kwenye ndoo, ayamwage kitini.

Akamwaga kopo zima. Maji yakazunguka mara moja, yakapita kwenye yale matundu, yote, yakamwagika chini sakafuni. Kiti kikabaki kitupu.

Umri wote huu, na vidole vyangu vilikuwa vinayajua yale matundu kuliko viganja vyangu mwenyewe. Hakikuwahi kukaa na maji kile kiti, hata siku moja. Mama alikuwa hapangusi kitu.

"Umeona?" nikamwambia yule binti. "Hakina mbu."

Rama hajakiuza. Asubuhi, nikishasali, natoka na kitambaa.